Ghorofa zinapanda, ikama imelala: Dar inayojengwa kwenda juu itahudumiwa na nani?

#1 Karani wa Ikama

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekaa halmashauri miaka kumi na tisa, nusu kwenye dawati la mipango, nusu utumishi. Halmashauri yenyewe sitaitaja, wala msihangaike kunitafuta. Nimestaafu kwa hiari, na sasa nina nafasi ya kusema yale niliyokuwa nayasema vikaoni macho ya watu yakiwa kwenye chupa ya chai.

Hoja yangu ni moja, na inahusu ikama, yaani hesabu ya nafasi za watumishi ambazo halmashauri inaruhusiwa kuwa nazo. Halmashauri zetu zinaajiri kwa mipaka, haziajiri kwa watu. Mji ukitambaa kwenda Chanika au Bunju, mitaa inagawanywa, kata zinazaliwa, na kila kata mpya inakuja na mtendaji wake, afisa maendeleo wake, afisa afya wake. Mji ukipanda juu palepale ulipo, hakuna mpaka uliosogea. Kwa mujibu wa makaratasi hakuna kilichotokea.

Chukueni Kariakoo ya zamani. Nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani choo na jiko. Familia sita, saba ukimhesabu mwenye nyumba aliyejibanza uani. Kiwanja hichohicho leo kina ghorofa kumi: chini maduka, juu ya maduka stoo, juu ya stoo watu. Familia arobaini humo si ajabu. Mtaa uleule, mtendaji yuleyule.

Juzi nilipita kumsalimia mtendaji mmoja wa mtaa niliyewahi kumpangia kituo. Ofisi ni chumba kimoja cha kupanga, meza, benchi, kabati lisilofunga. Saa tatu asubuhi benchi limejaa, wengine wameegemea ukuta. Huyu anataka barua ya utambulisho apeleke benki, huyu ya NIDA, huyu mdogo wake yuko kituoni anahitaji mdhamini. Mama mmoja wa ghorofa ya tano kaja na kanga yenye madoa ya kutu: maji ya kiyoyozi cha jirani wa ghorofa ya saba yanamdondokea kwenye kamba ya nguo. Mtendaji anasikiliza kesi ya kiyoyozi huku anagonga barua. Muhuri mmoja. Kidau cha wino kimekauka, anakidondoshea maji ya kunywa ili kimfikishe jioni.

Sasa upande wa ikama. Kila msimu wa bajeti tunajaza nafasi zilizopo, zilizojazwa, upungufu, maombi mapya. Ukiandika kwamba kata fulani inahitaji watu zaidi, swali la kwanza ni "kata imegawanywa?" Haijagawanywa. "Mitaa imeongezeka?" Haijaongezeka. Basi. Walimu angalau wana uwiano wa wanafunzi. Mkaguzi wa majengo, afisa afya, afisa mipango miji, hawa hawana uwiano na kitu chochote ninachokijua mimi. Hata ile sera ya zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata ni sera ya nchi inayotanuka chini. Haijui lifti.

Na hata ukiwashawishi, mshahara unalipwa na Hazina na kibali cha ajira kinatoka ofisi ya Utumishi ya Serikali Kuu. Halmashauri inaweza kuwa na mapato mazuri ya ndani na bado isiweze kuajiri mkaguzi mmoja wa kudumu. Inachoweza ni mkataba wa muda kwa pesa yake yenyewe, na hapo ndipo pesa yenyewe inapoanza kuhesabika. Kodi ya majengo ilikwenda TRA, mamlaka ya mapato ya Serikali Kuu, mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kodi ya zuio ya pango, asilimia 10, ni ya TRA. TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, ilipoanza mwaka 2017 ilichukua barabara pamoja na wahandisi wake, na ushuru wa maegesho ukaenda hukohuko. Halmashauri imebaki na ushuru wa huduma, ile sehemu ndogo ya mauzo, leseni, masoko, na ada ya kibali cha ujenzi ambayo inalipwa mara moja kwa jengo litakalosimama miaka hamsini. Humo toa asilimia 10 ya mikopo ya kina mama, vijana na wenye ulemavu. Toa fungu la miradi ya maendeleo ambalo huruhusiwi kuligusa. Kinachobaki ndicho kinunue mafuta ya gari la ukaguzi, karatasi na huo wino.

Karibuni tujadili. Matusi wekeni pembeni.

#2 Kijiwe cha Mwananyamala

Nimeweka kiti, kahawa na kashata. Endeleeni.

#3 Dalali wa Sinza

Mleta uzi umeandika vizuri ila hesabu umeziruka, na mimi hesabu ndiyo kazi yangu.

Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida mjini inalipa kodi ya jengo 18,000 kwa mwaka. Ghorofa ni 90,000 kwa kila sakafu. Ile nyumba yako ya Kiswahili yenye familia sita: 18,000. Ghorofa lako la sakafu kumi: 900,000. Mara hamsini, kiwanja kilekile, mbele ya barabara ileile! Halafu chini kuna fremu ishirini zenye leseni na ushuru wa huduma. Unalia nini?

Mji ukipanda juu serikali inavuna zaidi kwa kila mita ya ardhi. Huko Chanika unapeleka nguzo, bomba na greda kwa watu walioachana kama meno ya mzee. Nimeuza viwanja kwenye ule mradi wa Viwanja 20,000 miaka hiyo ya 2000, Tuangoma, Bunju, Mbweni. Pesa ya kiwanja iliingia mara moja. Barabara ya kwenda kwenye kiwanja watu waliisubiri mpaka watoto wakamaliza shule.

#4 Karani wa Ikama

Dalali, hapo kwenye Viwanja 20,000 umenisaidia hoja, asante. Sijasema mji utanuke. Kupanda juu ni sawa, na ni nafuu kwa nchi. Nasema nafuu hiyo haimfikii anayehudumia.

Hiyo 900,000 inapita kwenye mita za umeme kwenda Serikali Kuu. Kinachoshuka halmashauri ni mgao. Na angalia kodi inavyotozwa: sakafu ya Kariakoo yenye maduka ya jumla na sakafu ya pembezoni yenye wapangaji wa chumba kimoja, zote 90,000. Kodi imehesabu sakafu, haikuhesabu thamani wala watu. Kabla ya hapo tulikuwa na wathamini wanaopita nyumba kwa nyumba wakiandika daftari la thamani. Lilikuwa na matobo, kweli, na walioachwa walikuwa wengi. Lakini lilikuwa linajua jengo liko wapi na lina nini. Leo ukiniuliza mtaa fulani una ghorofa ngapi, na kila ghorofa ina nyumba ngapi ndani, TANESCO watakujibu haraka kuliko idara ya mipango miji.

Halafu umesema barabara ileile. Sawa. Choo kileile?

#5 Mpangaji Daima

Kuhusu LUKU nina donge. Jengo letu lina mita kumi na mbili. Miezi kadhaa mwaka juzi mita zaidi ya moja zilikuwa zinakatwa kodi ya jengo lilelile. Nilipokwenda kulalamika ofisi moja ikanielekeza nyingine, ya pili ikanirudisha ya kwanza. Mwenye nyumba kaniambia "si utakata kwenye kodi?" Nilipokata akanitolea notisi. Kodi ya mwenye jengo analipa mpangaji, kwa vocha ya umeme. Haya.

#6 Fundi Nondo

Mimi naongelea ukaguzi, huko kwingine nawaachia wasomi.

Nimesimamia saiti za ghorofa sita, nane, moja ya kumi na mbili. Kibali kinasema mkaguzi aje kwa hatua: msingi, nguzo, kila slabu kabla ya kumwaga. Saa ya kukagua jengo ni nondo zikiwa wazi. Unaona kipenyo, unaona nafasi kati ya ringi na ringi, unapima kava kwa kidole. Zege likishamwagwa unakagua rangi.

Saiti moja, sitaji wilaya, mkaguzi alikuja kwenye msingi, safi kabisa, mtu anajua kazi, alituamuru tufunge upya nguzo mbili na alikuwa sahihi. Slabu ya kwanza alikuja. Ya pili nikampigia, akasema gari limeharibika. Ya tatu akaniambia, "Fundi, nipigie picha unitumie kwenye WhatsApp." Nikapiga. Nani alinihakikishia kwamba picha ile ni ya jengo lile? Mimi tu na Mungu wangu. Yule bwana hakuwa mla rushwa. Alikuwa na saiti nyingi kuliko siku za wiki, na pikipiki yake mwenyewe ndiyo usafiri.

Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, ghorofa 16, zaidi ya watu 30 wakafa. Kariakoo likaanguka jingine Novemba 16, 2024, lile la ghorofa nne, Waziri Mkuu akaunda tume. Kila mara baada ya mazishi wanatangaza msako wa majengo. Msako unafanywa na walewale wakaguzi wachache, kwa wiki mbili, halafu wanarudi kwenye foleni ya vibali iliyolala wakati wa msako.

#7 Mama Mazingira

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimekuwa afisa afya tangu enzi za dampo la Vingunguti, nimestaafu.

Karani ameuliza choo, nijibu mimi. Sehemu kubwa ya Dar haina bomba la majitaka, tunaishi kwa mashimo na makaro. Mtaa wa nyumba za chini ulikuwa na shimo kila uani. Mvua za masika zikianza, watu wa mabondeni wanatapisha vyoo, tunakimbizana nao, kipindupindu kinapiga hodi. Hiyo tuliijua na tulikuwa na dawa yake. Ghorofa ni ugonjwa mwingine. Karo la chini ya jengo limechimbwa kwa hesabu ya familia za kwenye mchoro. Mwenye jengo akiongeza sakafu mbili, au akikata nyumba ya vyumba vitatu kuwa nyumba tatu za chumba na sebule, karo haliongezeki. Gari la kunyonya lililokuwa linaitwa mara mbili kwa mwaka sasa linaitwa kila mwezi. Na likichelewa, maji yanatafuta mfereji wa mvua. Ile mifereji mizuri iliyojengwa na DMDP, ule mradi wa kuendeleza jiji, nimeiona kwa macho yangu ikipokea kisichokuwa chake saa nane usiku.

Anayetakiwa kukamata hilo ni afisa afya wa kata. Afisa afya mmoja, kata nzima, mchana. Saa nane usiku amelala kama watu wote.

Taka nazo. Mkandarasi wa taka anapewa mtaa, ratiba mara mbili kwa wiki, anakusanya ada kaya kwa kaya. Nyumba ya chini unagonga mlango. Ghorofani unagonga geti, mlinzi anasema msimamizi hayupo. Anayelipa ni mmoja kwa niaba ya arobaini, na anajadili bei kama yuko mnadani. Mkandarasi anabeba tani mbili kwa pesa ya tani moja, mwezi wa tatu anaanza kuruka siku. Taka zote hizo zinakwenda Pugu Kinyamwezi, safari ndefu, foleni ya magari ya mizigo, dizeli.

Mwaka 2025 Kariakoo ikazinduliwa biashara ya saa 24. Nilifurahi, taa zimewaka, watu wananunua usiku. Nikajiuliza: mfagizi wa zamu ya usiku yuko kwenye ikama ipi?

#8 Kijiwe cha Mwananyamala

Mama Mazingira umeniharibia kashata.

#9 Mwanatakwimu wa Mchongo

Naomba nipinge uzi mzima kidogo. Mnaongea kana kwamba Dar imeacha kutanuka. Leteni sensa.

Mwaka 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541. Mwaka 2022 ni 5,383,728. Ilala ilitoka 1,220,611 ikafika 1,649,912, ongezeko la asilimia 35. Kinondoni ya zamani, yaani Kinondoni na Ubungo ya sasa kwa pamoja, ilitoka 1,775,049 ikafika 2,069,240, asilimia 17 hivi. Ongezeko la Ilala halikwenda Kariakoo, lilikwenda Chanika, Msongola, Majohe. Nyumba za chini, tofali la block, bati la msauzi. Ghorofa za mjini kati nyingi ni stoo za Wakongo na Wazambia wanaokuja kufunga mzigo. Mnatunga tatizo la watu milioni tano kutoka kwenye vitalu ishirini.

#10 Karani wa Ikama

Takwimu zako ni sahihi na nazikubali zote. Dar bado inatanuka kuliko inavyopanda. Ila ona jinsi serikali ilivyoujibu utanukaji: Kinondoni ikazaa Ubungo, Temeke ikazaa Kigamboni. Manispaa mbili mpya, wakurugenzi wawili wapya, wakuu wa idara, madereva, majengo. Mji ukitanuka mfumo unajua la kufanya, unagawa.

Sasa twende Sinza, Kijitonyama, Mikocheni, na pembeni ya njia za mwendokasi tangu mabasi yaanze Mei 2016. Twende Magomeni Kota, kaya 644 zilizorudishiwa makazi mwaka 2022, zamani nyumba za chini, sasa maghorofa kwenye eneo lilelile. Hapo utagawa nini?

Kuhusu stoo: mtu wa stoo hahitaji barua ya utambulisho, kweli. Ila stoo ya vitambaa ghorofa ya sita inahitaji mtu aikague isiwake. Zimamoto siku hizi ni jeshi la Wizara ya Mambo ya Ndani, halmashauri iliwakabidhi zamani. Kibali cha jengo kinatoka halmashauri, moto unazimwa na wizara, maji ya kuzimia ni ya DAWASA.

#11 Mkaazi wa Kilimani

Habari zenu wa Bongo. Nimefuatilia kutoka Nairobi na nimecheka, kwa sababu sisi tulipewa kila kitu mnachokililia na bado tuko hapo.

Kaunti yetu inaajiri yenyewe, haiombi kibali kwa mtu wa Hazina. Ina bodi yake ya utumishi. Matokeo? Ilirithi jeshi la wafanyakazi wa baraza la zamani la jiji mwaka 2013, ikaongeza wake, na kanuni ya fedha za umma inayosema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato imekuwa ikivukwa kama taa nyekundu ya Haile Selassie. Lakini ukitafuta mkaguzi wa majengo wa kuja Kilimani, utaambiwa ni wachache. Makarani ni wengi, kanjo, yaani askari wa jiji, ni wengi. Kuajiri tuliajiri. Kupanga nani aajiriwe hatukupanga.

Kodi ya ardhi ndiyo kichekesho zaidi. Kwetu inatozwa kwa thamani ya kiwanja kitupu, jengo halihesabiwi. Na daftari la thamani lililotumika mpaka juzijuzi lilikuwa la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa kwetu kulikuwa na bangaloo ya mzee mmoja, nusu ekari, miembe, mbwa wawili. Wameweka jengo la nyumba zaidi ya mia. Chini ya daftari lile, mzee na jengo ni bili moja! Angalau nyinyi mnahesabu sakafu, hata kama ni kwa kijiti.

Maji tunapata kwa zamu, mara mbili kwa wiki, siku nyingine malori. Bomba ni la enzi za bangaloo.

#12 Fundi Nondo

Mkenya umeongea Kiswahili kizuri leo, umekula nini?

#13 Mkaazi wa Kilimani

Ugali wa bei ya Kilimani, ndugu. Inanyoosha ulimi.

#14 Mtoto wa Tanga Ughaibuni

Wakuu, niko Mississauga, pembeni ya Toronto, Kanada. Nafanya kazi ya usafi wa majengo, siyo mchumi, lakini hili jambo hapa ni habari ya kila mwaka bajeti ikifika.

Huu mji ulikuwa mashamba. Meya wao bibi Hazel McCallion alikaa madarakani kuanzia 1978 hadi 2014, na sifa yake kubwa ilikuwa mji usio na deni na kodi isiyopanda. Siri yake haikuwa uchawi. Kila shamba lililogeuzwa nyumba, mjenzi alilipa tozo ya maendeleo, pesa nyingi, kabla hajapewa kibali. Tozo hizo zikajenga barabara, maktaba, vituo vya zimamoto. Mpya zote, kwa hiyo hakuna cha kukarabati. Mashamba yakaisha. Miundombinu ikazeeka kwa pamoja kama watoto wa darasa moja. Deni likaanza, kodi ikaanza kupanda, na watu wakaona wameonewa.

Sasa wanajenga minara, pale Square One ukipita shingo inauma. Lakini sensa ya 2021 ilionyesha idadi ya watu imepungua, kutoka 721,599 hadi 717,961. Minara inajaa, huku zile nyumba za chini wamebaki wazee wawili kwenye vyumba vinne, watoto wameondoka. Kwa hiyo upande mmoja wa mji shule hazina watoto, upande wa minara hazina nafasi. Huwezi kuihamisha shule kwa lori. Na mwaka 2022 jimbo la Ontario likapitisha sheria ya kuharakisha ujenzi wa nyumba iliyopunguza hizo tozo za wajenzi, halmashauri zikapiga kelele.

Kilichonishangaza kwenye uzi huu ni kwamba Karani analia kuwa pesa ya kodi haimfikii. Hapa inawafikia, wanaitoza kwa thamani ya kila nyumba, na bado thamani wanazotumia ni za Januari 2016. Kila nchi ina saa yake iliyosimama.

#15 Ardhi 2019

Nimemaliza shahada ya mipango miji Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2019. Mnasema wakaguzi hawatoshi, wapangaji hawatoshi, maafisa hawatoshi. Darasani kwetu waliopata ajira ya halmashauri nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja anauza vipodozi mtandaoni. Mimi nachora ramani za vibali, nachorea madalali, 150,000 kwa nyumba ya chini, ghorofa tunaelewana.

Na najua kinachotokea baada ya kuchora. Mchoro unaingia kwenye mfumo, unasubiri mtu mmoja aufungue. Mteja anachoka, anaanza kumwaga msingi. Siku kibali kinatoka, jengo liko linta. Sheria imevunjwa na mtu aliyekuwa tayari kuifuata na kuilipia.

Karani, nina swali la heshima. Ulipokuwa utumishi, mliwahi kuandika kwa maandishi kwamba ada za vibali vya mwaka mmoja zingeweza kuwalipa wakaguzi kadhaa wa mkataba? Au yalibaki maneno ya kikaoni?

#16 Karani wa Ikama

Kijana umenishika pabaya, na una haki. Tuliandika mara moja. Tulipendekeza sehemu ya ada ya vibali itengewe kasma yake, ilipe vijana wa mkataba sita, pikipiki na mafuta, kazi yao iwe kukagua hatua za ujenzi tu, wasiguse leseni wala msako wa machinga. Timu ya menejimenti ikakubali. Baraza la Madiwani likauliza, kwa nini pesa hiyo isimalizie madarasa kwenye kata zetu? Madarasa yana picha ya uzinduzi. Nondo iliyokaguliwa haina picha. Ikafa hapo, na mimi sikuipeleka tena mwaka uliofuata. Hilo ni langu.

Ningerudi leo ningeanza na kitu kidogo kuliko hicho: kuhesabu. Kibali cha ujenzi kinasema nyumba ngapi zimo ndani ya jengo. Mita za umeme zinasema nyumba ngapi zina mtu. Ukiweka hizo mbili pamoja kwa kila mtaa, unapata kaya, na ukishakuwa na kaya unaweza kwenda Utumishi na kusema mtaa huu una kaya mara nne ya mtaa ule, tupeni watendaji wawili au mruhusu msaidizi wa mkataba. Sasa hivi tunakwenda mikono mitupu tukisema "kazi ni nyingi". Kila halmashauri nchini inasema kazi ni nyingi.

#17 Dalali wa Sinza

Hapo tunakubaliana, ila ukishahesabu hizo kaya TRA watakuwa wa kwanza kuomba nakala. Wenye nyumba wangu hawatakupenda.

Na bado nasimama kwenye hoja yangu: pesa ipo. Bora mgombane na Hazina juu ya mgao kuliko kuongeza tozo nyingine kwa anayejenga. Ukimwekea mjenzi tozo kama za Kanada, sakafu anaongeza kimyakimya usiku. Nimewaona.

#18 Fundi Nondo

Anaziongeza hata bila tozo, dalali. Nimezimwaga.

#19 Mtendaji wa Mtaa, Mjini Kati

Nimetumiwa huu uzi na mtu wa kwangu akiuliza kama mtendaji wa kidau cha wino ni mimi. Siyo mimi, mimi wino nanunua mwenyewe.

Karani, kuhesabu kaya kwa mita ni wazo zuri, lakini mtu wa kwenda kuwaandika ni mimi. Nina daftari la wakazi, lile kubwa la kurasa mia nne, nililikuta kwa mtangulizi wangu. Ukurasa wa nyumba ya zamani umejaa mwandiko wake: jina la baba, mama, watoto, mpangaji wa chumba cha uani na kabila lake na kazi yake, nani kahama, nani kafariki. Nyumba hiyo ilivunjwa. Nimefungua ukurasa mpya, nimeandika namba ya nyumba, nikaandika "ghorofa", jina la kampuni inayosimamia, na namba ya simu isiyopokelewa.

Wiki iliyopita nilikwenda na mjumbe wangu, tumevaa vitambulisho, daftari kwapani. Mlinzi wa getini, kijana mpole tu, ametutaka tuandike majina yetu kwenye kitabu chake. Tumeandika. Saa ya kuingia, tumeandika. Halafu kuna sehemu inauliza "unakwenda kumwona nani, nyumba namba ngapi". Nikamwambia nakwenda kuwaona wote. Akasema mama samahani, wote haiwezekani, taja mmoja nimpigie.

Sikuwa na jina hata moja la kutaja.